Betti Alver: mshairi aliyezibwa mdomo akatafsiri

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu wa ushairi, wafasiri wenzangu, ndugu zangu wote mliofika: itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie ufasiri wa mashairi, nami nimeamua kumzungumzia mtu mmoja tu. Jina lake ni Betti Alver, mshairi na mfasiri wa Estonia, nchi ndogo iliyo kando ya Bahari ya Baltiki, yenye watu wapatao milioni moja na laki tatu. Alizaliwa mwaka 1906, akafariki mwaka 1989. Nimemchagua kwa sababu maisha yake yanajibu maneno ambayo husikika sana vikaoni mwetu, kwamba mfasiri ni mtunzi aliyekosa la kusema. Alver alikuwa na mengi ya kusema. Kwa karibu miaka ishirini alizuiwa kuyasema. Miaka hiyo hakuipoteza: alikaa akatafsiri, na kilichotoka mikononi mwake ni miongoni mwa kazi kubwa kabisa zilizowahi kuandikwa kwa Kiestonia.

Alizaliwa Jõgeva, mji mdogo ulio kwenye reli ya kutoka Tallinn kwenda Tartu. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Binti huyo alisomea Tartu, mji wa chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1632, na akaingia chuoni hapo mwaka 1924 kusoma lugha na fasihi ya Kiestonia. Hakumaliza. Mwaka 1927 riwaya yake ya kwanza, Tuulearmuke, ilishinda zawadi katika mashindano ya uandishi, naye akaacha masomo ili aandike. Umri wake ulikuwa miaka ishirini hivi.

Tukumbuke Estonia ya wakati huo ilikuwa nchi ya namna gani. Ilikuwa imejitangazia uhuru mwaka 1918, ikapigana, na mwaka 1920 ikatia saini mkataba wa amani na Urusi ya Kisovieti, papo hapo Tartu. Kwa karne nyingi kabla ya hapo lugha ya wenye mashamba na ya chuo kikuu ilikuwa Kijerumani, kisha Kirusi kikaja kuongezeka juu yake. Kiestonia kilikuwa lugha ya mkulima. Kizazi cha Alver ndicho cha kwanza kilichosoma kwa Kiestonia tangu shule hadi chuo kikuu. Vijana hao walikuwa na njaa ya kuona lugha yao ikifanya kila kitu ambacho lugha nyingine zinafanya, na ushairi wa vina na mizani mikali ulikuwa sehemu ya njaa hiyo.

Baada ya riwaya aligeukia ushairi. Mwaka 1931 alitoa shairi refu la kisa, kisa cha kunguru mweupe, na mwaka 1936 ikatoka diwani iliyompa jina, Tolm ja tuli, yaani Vumbi na Moto. Jina hilo linaeleza kilichomshughulisha maisha yake yote: mwanadamu ameumbwa kwa vitu viwili vinavyovutana, kimoja kinaanguka chini na kingine kinapaa. Aliandika juu ya roho inayokataa kuuzwa. Na alikuwa fundi wa umbo. Mashairi yake yamepigwa randa hadi huoni mahali pa kuungia.

Mwaka 1937 aliolewa na mshairi Heiti Talvik. Mwaka uliofuata Ants Oras, mwanazuoni wa fasihi ya Kiingereza pale Tartu na mfasiri hodari yeye mwenyewe, alikusanya mashairi ya vijana wanane katika kitabu kimoja kilichoitwa Arbujad, neno la kale linalotaja watu wenye uwezo wa kuona yaliyofichika. Alver na Talvik walikuwemo, na pamoja nao Uku Masing, August Sang, Kersti Merilaas, Bernard Kangro, Paul Viiding na Mart Raud. Halikuwa kundi lenye ilani wala kadi za uanachama. Kilichowakutanisha kilikuwa imani kwamba shairi lina deni kwa ukweli na kwa ufundi, na kwamba mtunzi asikodishe kalamu yake. Imani hiyo ilikuwa na gharama tangu mwanzo. Hitler alikuwa Berlin, Stalin alikuwa Moscow, na Estonia yenyewe ilikuwa chini ya utawala wa mkono mzito tangu mwaka 1934. Talvik aliitazama Ulaya hiyo akaipa diwani yake ya mwaka 1937 jina la Kohtupäev, Siku ya Hukumu.

Hukumu ikaja. Majeshi ya Kisovieti yaliingia mwezi Juni 1940. Wajerumani wakaja mwaka 1941, na Wasovieti wakarudi mwaka 1944. Kati ya wale wanane na mlezi wao, Oras alikimbilia Sweden, baadaye akafundisha Marekani; Kangro naye akaishia Sweden. Masing alibaki, na wakati wa Wajerumani alimficha rafiki yake Myahudi, jambo ambalo lingeweza kumgharimu maisha. Talvik alikamatwa mwaka 1945. Alifariki uhamishoni Siberia mwaka 1947, akiwa na miaka arobaini na miwili.

Alver alibaki Tartu, mjane wa mtu aliyehesabiwa kuwa adui wa dola. Mwezi Machi 1949 zaidi ya watu elfu ishirini, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walitolewa majumbani mwao nchini Estonia kwa siku chache wakapakiwa kwenye mabehewa kwenda Siberia. Mwaka 1950 Alver alifukuzwa kwenye Chama cha Waandishi. Katika mfumo ule, kufukuzwa chamani maana yake ni kwamba hakuna mchapishaji atakayepokea shairi lako na hakuna gazeti litakalokutaja. Mlio hapa mnaandika. Mnajua shairi lisiposomwa na mtu linamfanya nini aliyelitunga.

Kwa nini basi aliruhusiwa kutafsiri? Sababu haikuwa huruma. Dola ilihitaji vitabu vya Kirusi kwa Kiestonia, na ilihitaji viandikwe vizuri. Wenye uwezo wa kuviandika vizuri walikuwa wale wale iliowanyamazisha. Ndivyo ilivyokuwa kote katika Muungano wa Kisovieti: mshairi wa Kirusi Boris Pasternak aliishi kwa kumtafsiri Shakespeare na Goethe, na mshairi mwenzake Anna Akhmatova, baada ya kushutumiwa hadharani mwaka 1946, alitafsiri ili apate kula. Kule Estonia, Sang na mkewe Merilaas walifuata njia hiyo hiyo. Alver naye alitafsiri nathari ya mwandishi wa Kirusi Maxim Gorky. Ilikuwa kazi ya mkate, na aliifanya kwa uaminifu. Siidharau kazi ya namna hiyo. Wengi wetu tumelishwa nayo.

Lakini kazi ninayotaka tukae nayo jioni ya leo ni Jevgeni Onegin ya Aleksandr Pushkin, mshairi mkuu wa Urusi, ambayo Alver aliitoa kwa Kiestonia mwaka 1964.

Onegin ni riwaya iliyoandikwa kishairi. Pushkin aliianza mwaka 1823 na kuimaliza mwaka 1831. Ina beti karibu mia nne, na kila ubeti una mishororo kumi na minne. Ukizichanganua beti hizo unakuta mpango ambao mshairi yeyote wa Kiswahili atautambua kuwa kazi ya mtu wa vina. Mishororo minne ya kwanza inapishanisha vina: wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne. Minne inayofuata inakwenda viwili viwili. Minne ya tatu inakumbatiana: wa kwanza na wa nne vinafanana, na viwili vya kati vinafanana. Kisha mishororo miwili ya mwisho inafunga kwa kina kimoja. Urari wake umepangwa pia: mishororo sita ina mizani tisa na minane ina mizani minane, jumla mizani 118 kwa ubeti. Pushkin anakwenda hivyo ubeti baada ya ubeti, huku anasimulia karamu, baridi, mapenzi, pambano la bastola, na anapiga soga na msomaji kana kwamba hakuna sheria yoyote inayombana.

Sasa tazameni kikwazo cha Alver. Katika Kirusi mkazo unatembea. Neno moja lina mkazo mwanzoni, jingine katikati, jingine mwishoni. Pushkin anautumia uhuru huo. Mshororo wake huanza na silabi nyepesi, ya pili ndiyo nzito, ya tatu nyepesi, ya nne nzito, hadi mwisho. Tena vina vyake ni vya aina mbili: vingine vinaangukia silabi nzito ya mwisho, vingine vina silabi nyepesi baada ya ile nzito. Kiestonia hakina uhuru huo. Karibu kila neno la asili la Kiestonia hubeba mkazo kwenye silabi ya kwanza kabisa. Lugha inataka kuanza na kishindo. Shairi linataka kuanza taratibu.

Sisi hapa tuna haki ya kuielewa shida hiyo kuliko wasomaji wengi wa leo, waliokwisha kuzoea tafsiri zisizo na vina wala mizani. Kiswahili nacho kina mahali pake pa mkazo, silabi ya pili kutoka mwisho, na hapahami. Vina vyetu tunavipanga kwenye silabi ya mwisho isiyo na mkazo, tukategemea hesabu ya mizani na mituo. Anayejaribu kuingiza mwendo wa Pushkin katika Kiswahili anagonga ukuta siku ya kwanza. Alver aligonga ukuta wa upande wa pili.

Njia ya mkato ipo: unaanza kila mshororo na kijineno chepesi, "na", "lakini", "kisha", halafu neno zito linafuata. Mfasiri mvivu hufanya hivyo, na kufikia ukurasa wa tatu msomaji ameshachoka na hajui kinachomchosha ni nini. Alver hakuridhika na hilo. Alipanga upya sentensi nzima ili silabi nyepesi ya mwanzo iwe na kazi yake halali katika maana. Kwa vina vya mkazo wa mwisho alitumia utajiri wa Kiestonia wa maneno ya silabi moja. Lugha hiyo, ikilinganishwa na jamaa yake Kifini, imeangusha irabu nyingi za mwisho wa maneno, na ina hazina kubwa ya maneno mafupi yanayobeba mambo mazito: nchi, usiku, mwezi, njia, roho. Hayo aliyafanyisha kazi. Matokeo yake ni kwamba Waestonia wanaisoma Onegin yake kama shairi lililozaliwa kwao, lenye wepesi na kicheko cha Pushkin, na hadi leo ndiyo tafsiri inayopimiwa nyingine.

Kuna sehemu mbili za kitabu hicho ambazo siwezi kuzisoma bila kumwona yeye mezani kwake Tartu.

Ya kwanza ni barua ya Tatyana katika sura ya tatu. Binti wa shambani amempenda Onegin na anamwandikia. Msimulizi anatuambia kuna tatizo: Tatyana hakujua vizuri Kirusi, hakusoma magazeti ya Kirusi, na barua yake aliiandika kwa Kifaransa, kama walivyofanya watu wa tabaka lake. Basi msimulizi analazimika kuitafsiri, na anaomba radhi kwamba tafsiri yake ni dhaifu, ni kivuli kilichopauka cha picha hai. Kisha inafuata barua, nayo ni miongoni mwa mistari inayopendwa kuliko yote katika lugha ya Kirusi. Yaani Pushkin aliuweka moyo wa kitabu chake ndani ya tafsiri. Nasema wazi: mtu anayewadharau wafasiri na aende akaisome sura hiyo kwanza.

Ya pili iko sura ya kwanza, ubeti wa hamsini. Pushkin aliuandika akiwa Odessa, amehamishwa na serikali kutoka mji mkuu, anatembea ufukweni akitamani chombo cha kumtoa nchini. Anauliza kama saa ya uhuru wake itafika. Na anasema anakotamani kwenda: chini ya mbingu ya Afrika yake, akiwa huko aiugulie Urusi yenye giza, alikoteseka, alikopenda.

Afrika yake. Hakuwa anapamba. Abram Gannibal, babu wa mama yake, alikuwa Mwafrika aliyechukuliwa mtoto, akapitishwa Istanbul na kufikishwa kwa Tsar Peter, mfalme wa Urusi. Peter alikuwa baba yake wa ubatizo na akampeleka Ufaransa kusomea uhandisi wa kijeshi. Wanahistoria wanabishana kuhusu alikozaliwa: wengine wanasema ni upande wa Abisinia, wengine ni karibu na Ziwa Chad. Alikokwenda kuishi hakuna ubishi. Katika miaka ya 1730 alifundisha uhandisi mjini Pärnu, na tangu mwaka 1742 hadi 1752 alikuwa kamanda wa ngome ya Reval, mji ambao leo unaitwa Tallinn. Pärnu na Tallinn zote ziko Estonia. Kwa miaka kumi, karne ya kumi na nane, ngome ya mji mkuu wa Estonia wa leo iliongozwa na mtu wa bara letu, naye alikaa huko na mkewe na watoto wake. Mmoja wa watoto hao, Osip, ndiye babu mzaa mama wa Pushkin.

Kwa hiyo Alver alipofika ubeti wa hamsini alikuwa analitafsiri swali la kitukuu wa Gannibal katika lugha ya nchi ambayo Gannibal aliishi. Na alikuwa analitafsiri akiwa yeye mwenyewe hawezi kwenda popote, mume wake amekufa Siberia, jina lake ndiyo kwanza linaanza kurudi kwenye orodha za wachapishaji. Swali la saa ya uhuru lilibidi lipate vina kwa Kiestonia, na lilibidi lipite kwa mkaguzi wa vitabu wa serikali. Lilipita, kwa sababu lilikuwa la Pushkin, na hakuna mkaguzi wa Kisovieti ambaye angethubutu kumfuta Pushkin. Sidai kwamba alifanya hila. Alifanya kazi yake kikamilifu, na maneno yakafika kwa watu waliokuwa wakiyahitaji.

Tangu mwaka 1956, baada ya Stalin kufa na kamba kulegezwa, alikuwa amerudishwa kwenye Chama cha Waandishi. Mwaka huo huo aliolewa na Mart Lepik, mtafiti wa fasihi. Lakini mashairi yake hayakurudi kwa haraka. Onegin ilitangulia, mwaka 1964, na miaka miwili baadaye ndipo ikatoka Tähetund, Saa ya Nyota, diwani iliyomrudisha mbele ya wasomaji. Vijana waliokuwa wanaanza kuandika miaka ya sitini waliona kwamba kuna kamba inayowaunganisha na Estonia ya kabla ya vita, na kwamba kamba hiyo ni mwanamke anayeishi mji ule ule wanaosoma. Zikafuata Eluhelbed mwaka 1971, Lendav linn mwaka 1979, na Korallid Emajões mwaka 1986. Emajõgi ni mto unaopita katikati ya Tartu.

Ukiyasoma mashairi ya 1936 na yale ya baada ya 1966, unaona mshairi wa pili hakuwa yule yule aliyezeeka tu. Yule kijana alipenda kung'ara. Anapanga maneno mazito, anapenda majina ya miungu ya kale. Yule wa baadaye ana sauti ya chini zaidi, sentensi zake ziko karibu na mazungumzo, na anarudi Jõgeva, kwenye mashamba na watu wa utotoni. Naamini, na hii ni hukumu yangu mwenyewe, kwamba wepesi huo aliujifunza kwa Pushkin. Mtu hawezi kukaa miaka na maelfu ya mishororo inayosogoa, kila mmoja ndani ya mizani yake, kisha arudi kuandika kama zamani. Kutafsiri kulimfundisha kusema jambo zito kwa mdomo wa kawaida.

Mwezi Januari 1989 Kiestonia kilitangazwa na sheria kuwa lugha rasmi ya Estonia. Alver alikuwa hai. Alifariki Tartu tarehe 19 Juni mwaka huo, na miaka miwili baadaye nchi yake ikarudisha uhuru wake. Leo Jõgeva kuna jumba la makumbusho lenye jina lake, na Estonia inatoa tuzo ya Betti Alver kila mwaka kwa kitabu cha kwanza cha mwandishi mpya. Nimefurahi kwamba walichagua kumkumbuka kwa watu wanaoanza.

Nina ombi moja kabla sijakaa. Tunao hapa wazee wetu waliosoma Moscow, Leningrad na Kiev miaka ile ya Chuo Kikuu cha Lumumba, na Kirusi chao bado wanacho. Tunao pia washairi wanaoweza kukupa vina na mizani ukiwaamsha usiku wa manane. Naomba makundi haya mawili yakae meza moja na ubeti ule wa hamsini. Mzee mmoja atufafanulie Kirusi chake neno kwa neno, na mshairi mmoja aupange. Ningependa tuanze na mizani minane, ya utenzi, kwa sababu ndiyo iliyo jirani na mwendo wa Pushkin, lakini tushike mpango wake wa vina: vya kupishana, vya pamoja, vya kukumbatiana, na viwili vya kufunga. Anayeona bahari nyingine ya ushairi inafaa zaidi aje na hoja yake. Karatasi ya majina iko kwa katibu wetu, pale mlangoni, na nakala za ubeti kwa Kirusi zipo za kutosha.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.